Plagi Nne za Gari la Baba

Juzi gari langu lilianza kukohoa nikiwa karibu kufika nyumbani, Kibarani. Fundi akachomoa plagi moja, akaniwekea kiganjani nione ilivyoungua. Harufu ile ya petroli na masizi, rafiki yangu, ikanirudisha uani kwetu Gongoni, miaka ya themanini, nilikojifunza kumwonea dada yangu wivu.

Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha chumvi. Alikuwa na gari dogo kuukuu la samawati, milango imeliwa na kutu. Jumamosi asubuhi, akishakunywa chai, alifungua boneti na kuita, "Fundi wangu yuko wapi?" Mwenye kuitwa hivyo alikuwa dada, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na kumi, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi ya mbaazi za mama.

Nilikuna huku macho yangu yakiwa kwao. Niliona dada akisugua plagi kwa brashi ya waya, akipuliza tundu lisiingie mchanga, kisha akiirudisha taratibu. "Vidole kwanza, spana baadaye," baba alikuwa akisema, na wote wawili wakacheka sijui kwa nini. Kicheko kile kiliniuma. Mara nyingi nilijikwaruza vidole kwenye mbuzi, na hakuna aliyeona.

Siku moja baba alirudi kutoka Malindi na plagi nne mpya. Akampa dada zote. "Leo fanya peke yako. Mimi natazama tu." Dada alizifunga moja moja, akachomeka waya zake, jasho likimtoka puani. Baba akamshika bega, wakaenda kisimani kunawa.

Niliacha nazi. Nikainama ndani ya boneti, nikachomoa waya mbili, nikazibadilisha mahali. Nilirudi kwenye mbuzi, nikaendelea kukuna.

Baba alipowasha, gari lilitetemeka, likapiga mlipuko, kuku wakatawanyika. Jirani yetu alichungulia juu ya ua wa makuti akiangua kicheko. "Ndiyo hayo! Mtoto wa kike na injini wapi na wapi?"

Dada alitazama mikono yake iliyojaa grisi, akaingia ndani. Nilikuwa nimengoja sana kumwona ameshindwa, lakini nilipomwona, niligeuza uso.

Baba aliitazama injini bila kuigusa, kisha akamfuata dada ndani. Jioni ile aliniita mimi. "Njoo. Unaona nini hapa?" Nikanyoosha mkono, nikazirudisha waya mbili zile bila hata kufikiri. Gari likanguruma vizuri. Baba alinitazama mpaka nikainamisha kichwa, kisha akasema tu, "Jumamosi ijayo utakuja wewe."

Basi nikawa mimi. Dada alishika mbuzi, nami nikashika spana, na baba akanifundisha yote kwa subira. Lakini hatukucheka kama walivyocheka wao. Nilikipata kiti cha dada, na bado nilimwonea wivu.

Siri ile niliibeba hadi matanga ya baba. Tulikuwa tunasugua masufuria, sisi wawili tu, nikashindwa kuvumilia. "Dada, siku ile gari lilipopiga mlipuko, ni mimi niliyebadilisha waya."

Hata hakuacha kusugua. "Najua, mdogo wangu. Baba alijua palepale, akanifuata ndani kuniambia. Alitaka kukuchapa."

"Mbona hakunichapa?"

"Nilimkataza. Nikamwambia akufundishe wewe, maana ulikuwa unateseka. Tukakubaliana tusikwambie."

Nyumba ile imeuzwa na ua umebomolewa. Gari lilikatwakatwa likauzwa vyuma chakavu, na magari ya siku hizi fundi huyachomekea kwanza kikompyuta. Baba hayupo wa kuulizwa. Ningepaswa kumshukuru dada, na siku ile nililia, nikamkumbatia kwa mikono yenye masizi. Lakini kwako wewe nitasema kweli. Kinachonikereketa hadi leo ni kwamba miaka yote ile, kila baba aliponitazama nikifunga plagi, yeye na dada walikuwa na jambo lao wawili, na jambo lenyewe lilikuwa mimi.