Nyongeza ya Kabati

Kwenye soko la samani kuukuu walimwita Pindua, na jina hilo alilipata kihalali. Hakununua stuli, jiko wala kabati bila kulipindua kwanza achungulie chini. Wala hakutoka nyumbani kwa mtu bila nyongeza. Bei ikishakubaliwa na mikono ikishapeanwa, Pindua alijikuna kidevu na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Na nyongeza yangu?" Ndiyo maana nyumba yake ilijaa vifuniko visivyo na sufuria na funguo zisizo na kufuli. Mkewe alishaacha kuuliza.

Kobe naye alikuja hivyo hivyo. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anahamia ghorofani, akamuuzia kabati. Walipomaliza, Pindua akajikuna kidevu. Mwalimu akatazama huku na huku. Kila kitu kilishafungwa, uani kabaki kobe peke yake.

"Chukua huyu basi," alisema. "Ila Jumamosi nitakuja kumwona. Nikikuta hajala, naondoka naye."

Pindua akacheka kimoyomoyo. Mnyama gani anashindwa kula? Lakini wapagazi waliobeba kabati walilisikia sharti hilo, na kabla jua halijapoa soko zima lilikuwa nalo.

Kobe hakula. Alipowekwa uani aliingiza kichwa na miguu, akawa kama bakuli lililofunikwa. Pindua akafanya anachokijua. Bidhaa isiyotazamwa huhamishwa mahali, basi akamhamisha: asubuhi ukutani, mchana chini ya kamba ya nguo, jioni kando ya pipa la maji. Akamtengenezea kibanda kwa droo ya meza, akakipaka vanishi iliyomtoa machozi yeye mwenyewe. Akang'oa magugu ili ua uwe na heshima. Na kila mgeni alipoingia, alimnyanyua kobe, akampindua, akamgonga gamba kwa kidole. "Chini hana ufa," alisema, kana kwamba mtu kauliza. Kisha alimsogezea kabichi mdomoni, au pale alipodhani pana mdomo, akachuchumaa kusubiri.

Siku zikasogea. Pindua mwenyewe akaanza kubakiza chakula. Alijiambia kinachomuuma ni jina tu: hakuna aliyewahi kumnyang'anya nyongeza, na seremala wa jirani alishamuuliza kama siku hizi anakodisha kobe. Lakini asubuhi moja, seremala hayupo wala mteja hayupo, mkewe aliyekuwa akianika nguo alimsikia akinong'ona, "Kula kidogo, bwana. Usiniaibishe."

"Baba watoto," mkewe akasema, "dukani mteja akiingia unafanyaje?"

Swali gani hilo. Akamweleza kwa madaha ya mtu anayejua kazi yake: mteja huachwa. Unampa mgongo, unajifanya unafuta vumbi. Ukimfuatafuata anakimbia. Ni wageni wa biashara tu wanaomganda mteja na kumsukumia bidhaa puani, mpaka...

Hapo macho yakamwangukia kobe. Mkewe akabana shati kwenye kamba.

Angekuwa mtu mwingine, Pindua angemcheka mwezi mzima. Miaka yote anajisifu kwamba mnunuzi anamjua kwa hatua zake, kumbe yuko uani anamganda kobe kama mchuuzi wa siku ya kwanza, tena anampindua miguu juu. Nani angekula kwa muuzaji wa namna hiyo?

Akakiondoa kibanda cha vanishi, akaegemeza ubao ukutani upate kivuli, akaweka sinia ya maji na kabichi. Kisha akaketi akimpa kobe mgongo, akaanza kusuka upya kiti kilichotoboka. Shingo ilimwasha kwa hamu ya kugeuka. Yeye aliyezoea kumwacha mteja wa kitanda afike mpaka mlangoni bila kupepesa jicho, sasa anatoka jasho kwa ajili ya mteja wa kabichi. Kesho yake akafanya vile vile.

Jumamosi mwalimu akafika, na seremala nyuma yake, amekuja kushuhudia.

"Amekula?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, safi, wa kibiashara. Pindua akajikuta anasema, "Sijamwona, mwalimu. Nilikuwa nimempa mgongo."

Wakaenda kwenye ubao. Kabichi ilikuwa nzima, imenyauka. Lakini nyuma ya ubao, kwenye kona ambayo hakuifikia alipokuwa aking'oa magugu, vilibaki vikonyo vya magugu tu, na kobe kichwa nje, jani likimning'inia mdomoni.

"Kabichi hajawahi kuitaka," mwalimu alisema.

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza nyongeza."

Seremala akacheka, akainama amnyanyue kobe amwone vizuri. Pindua akamdaka mkono. "Mwache. Ukimshika anaghairi."

Mwalimu akaondoka mikono mitupu. Kobe alikuwa wake sasa, na ua mzima hauna hata gugu moja la kesho. Magugu mazuri yalikuwa nyuma ya karakana ya seremala, yamejaa tele. Ikabidi Pindua aombe, kwa upole ambao soko halijawahi kuusikia. Seremala alikubali, ila kwanza alijikuna kidevu.