Mlango wa Kijani wa Mama Akaiti

Kanisa letu hapa kisiwani lina milango miwili kwa sababu babu zetu waligombania rangi. Watu wa upande wa bahari walitaka pinki, wa upande wa bara wakataka kijani, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, kila upande ulipaka nusu yake na kutoboa mlango wake. Mimbari iko juu ya mstari unaotenga rangi hizo, mchungaji anahubiri mguu mmoja kwao, mmoja kwetu. Mimi ni wa pinki, na sioni aibu kusema.

Upande wa kijani alibaki mtu mmoja, Mama Akaiti. Wengine walihamia Nyuzilandi, familia baada ya familia, na mumewe Tuaine tulimzika miaka miwili iliyopita. Kila Jumapili alivaa gauni jeupe na kofia yake ya kusuka, akaingia kwa mlango wake, akaketi peke yake kati ya mabenchi kumi na moja. Lakini kuimba aliacha. Tulisema ni kiburi. Watu tuna midomo!

Mke wangu Mii ndiye aliyejua. Walikuwa wakimenya magimbi, Mama Akaiti akasema bila kuinua macho, "Mii mwanangu, tangu Tuaine aondoke, nikisali ni kama nampigia mtu aliyezima simu."

"Sasa Mama, kanisani unafuata nini?"

"Naenda kukaa. Siku niliyopokelewa mezani kwa Bwana niliahidi kuja. Sikuahidi kufurahi."

Siku moja baada ya ibada Papa Ngarima, mzee wa kanisa wa upande wetu, akamsimamisha uani. "Mama, hamia kwetu. Nimekuwekea nafasi mbele, karibu na feni."

"Nikakae kwenye pinki? Tuaine atafufuka kabla ya siku yake!"

Tulicheka sote isipokuwa Papa Ngarima. "Basi sikiliza. Siku ya mkutano wa Biblia kila upande lazima usimame, ulijibu neno lililosomwa kwa wimbo. Upande wako usipoimba, mlango ule naupigilia misumari."

Aliiweka sawa kofia yake, akaondoka. Nilimhurumia sana. Mtu aliyekauka rohoni aimbe nini?

Siku ilipofika tuliimba sisi kwanza, watu arobaini, mpaka mabati yakalia. Nyimbo zetu za zamani hazina kinanda. Wanaume huguna besi kwa nguvu, hu! hu!, na wanawake hupanda juu yake. Kuimba bila besi ni kama kusukuma mtumbwi mchangani peke yako.

Mchungaji akageukia upande wa kijani. Papa Ngarima alikuwa na misumari kweli, mfukoni mwa shati, niliisikia ikigongana.

Mama Akaiti akasimama. Sauti ilitoka nyembamba, ikikwaruza, ikapotea katikati ya mstari, ikarudi. Alipofika mahali pa besi akanyamaza. Maneno alikuwa anayajua. Alikuwa anamwachia Tuaine nafasi yake, kama alivyomwachia miaka yote ya ndoa. Akaimba mstari wa pili, akanyamaza tena palepale.

Sikuvumilia. "Hu!" Ilinitoka tumboni kabla sijaiuliza akili. Mtu wa pinki kuwagunia kijani, jambo hilo hata babu zetu hawakuliona! Papa Ngarima alinitazama kana kwamba mimi ni mwizi. Nikaguna tena, machozi yananitoka, na safari hii nikavuka mstari kwa miguu yangu mwenyewe. Wanaume wawili wakanifuata. Kisha nyuma yangu nikasikia besi nzito kuliko zote, na misumari ikirukaruka mfukoni.

Hapo Mama Akaiti akapaa. Sauti yake ilipanda hadi wanawake wa kwetu wakainuka wakicheza, kofia zikidondoka ovyo. Ibada ilipokwisha tulitoka sote kwa mlango wa kijani, tukibanana, naye amesimama pale kama mwenye nyumba, anamshika kila mtu mkono.

"Vipi, mmesahau mlango wenu?"

Mii akamkumbatia, akamnong'oneza, "Mama, leo amejibu?"

"Nilipoacha ile nafasi nilimwambia, 'Bwana, kama upo, pa kuingia ni hapa.'" Akanitazama juu mpaka chini, akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. "Akaingia, mwanangu. Ila sikutegemea angekuja na sauti mbaya kama ya mumeo!"