Laptop Iliyovalishwa Sweta

Mama alinifumia kitambaa cheupe cha kufunikia laptop. Kwetu Mkalama redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, hata kochi la wageni hufunikwa. Kitu cha thamani hakiachwi wazi. Nilipohamia Mandewa, kwenye chumba changu kimoja, nikawa naifunika hata ikiwa imewashwa, naacha kioo tu. Vumbi la Singida mnalijua.

Laptop yenyewe ni ya zamani, nilinunua kwa mtu. Ndani yake kuna video ya Krismasi nyumbani: mama anasonga ugali, wadogo zangu wanagombania paja la kuku kwa Kinyiramba, baba anawakaripia huku anacheka. Niliichukua kwa simu ambayo baadaye ilitumbukia kwenye ndoo, ikafa. Kila jioni nikitoka dukani ninakouza mafuta ya alizeti, naweka sahani mbele ya kioo nakula nikiwasikiliza. Najiambia siku nikiwa mtengenezaji wa filamu, hiyo ndiyo itahesabika ya kwanza. Lakini kusema kweli, chumba kikiwa kimya chakula hakipiti.

Jioni moja ikagoma. Taa iliwaka, maneno ya Kiingereza yakapita kabla sijayasoma, giza. Nikatoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia muda mrefu, nikarudisha betri, nikachomeka waya. Maneno, giza. Nikaibembeleza kabisa: "Jamani, leo tu." Giza. Ugali nikaufunika, nikalala.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mjini, baba mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Mgonjwa ana nini?"

"Inaanza halafu inakata. Kuna video humo, baba, naomba isifutike. Sina nyingine."

"Nani kakwambia nafuta? Kaa."

Akafungua skrubu za chini, akaingiza kibano, akavuta. Ukatoka uzi mweupe, mrefu, umejiviringisha kwenye feni pamoja na vumbi.

"Hii umeivalisha sweta?"

"Kitambaa cha mama."

"Basi mama kainyonga feni. Mashine ikiona feni haizunguki inajizima, isije ikaungua."

Akapuliza vumbi, akafunga, akawasha. Feni ikavuma. Mimi nikapiga makofi peke yangu.

"Tuione hiyo video," akasema.

Kumbe naye Mnyiramba. Wadogo zangu walipoanza kurushiana maneno alicheka mpaka akavua miwani. "Rudisha hapo kwenye paja!" Nikarudisha. Sikuwahi kucheka sehemu ile. Nilikuwa naisikiliza tu.

"Wewe uko wapi humu?"

"Mimi ndiye niliyeshika simu."

"Hata sauti haimo?"

Nikafikiri. Haimo.

Akaninakilia video kwenye flashi, isije ikapotea, nikashukuru, nikarudi. Jioni ile nilipopakua ugali sikuiwasha laptop. Nikampigia mama.

"Mmeshaanza kula?"

"Ndiyo tunanawa. Kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Weka simu kwenye mkeka, nami nile."

"Usikilize nini? Watu wanatafuna tu!"

"Hivyo hivyo."

Akaiweka. Nikasikia vyombo, kikohozi cha baba, halafu mdogo wangu wa mwisho akauliza nani yuko kwenye simu.

"Dada yako," mama akasema. "Anakula. Sogea."