Sampuli ya Mama Barafu

Mama Barafu aliitwa hivyo kabla hajazaa mtoto yeyote, jambo lililomkera mama mkwe wake peke yake. Friza yake ndefu ilikaa barazani, imefungwa mnyororo mguuni kama mbuzi mtoro, na mtaa mzima uliitegemea: muuza samaki, muuza soda, hata wafiwa waliopata wageni wengi kuliko walivyotarajia.

Binti yake alipozaliwa, alimbusu kwenye paji la uso akahisi chumvi. Mama mkwe alisema mtoto amerithi jasho la mama asiyetulia nyumbani. Hospitali nayo ilichukua miezi kadhaa kuupa ugonjwa jina lake, sistiki fibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwilini kuwa mzito kama gundi. Unaziba mapafu, unaziba na njia ya vimeng'enya, vile vinavyosaga chakula tumboni, chakula kikapita bila kumwachia mtoto kitu. Kabla jina hilo halijapatikana, ugonjwa uliitwa "mama hajui kulisha".

Watafiti wa hospitali walipomfikia, walianza kuuliza habari za friza, ndipo wakakumbuka habari za mtoto. Walitaka choo cha mtoto kila wiki, kimegandishwa, kwani walikuwa wakichunguza bakteria wa utumboni na namna wanavyohusika na afya ya mapafu. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, mtoto anakohoa huku juu, wao wanachungulia huku chini. Hawa watu wamepotea njia."

Mama Barafu alikubali. Mtoto akiwa anakohoa, mtu hubisha hodi kwenye kila mlango, hata wa chini. Vikopo vya choo hicho alivifungia ndani ya ndoo yenye mfuniko, pembeni kabisa, mbali na barafu ya kuuza. Siri ikavuja hata hivyo. Muuza soda alihama kwa kinyaa, akarudi jua lilipokuwa kali. Kinyaa nacho kina kiwango chake cha joto.

Kila wiki alipeleka kikopo hospitali, mlango wa kushoto wa korido, na kila wiki aliambiwa asante. Akiuliza tumbo la mwanawe linasemaje, alijibiwa kwamba matokeo ni ya kundi, si ya mtu mmoja. Kundi hilo hakuwahi kukutana nalo.

Mlango wa kulia, ukitazamana na ule, ulikuwa wa lishe. Humo nesi alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama bango la maziwa ya kopo lililobandikwa ukutani, akamwambia mama maziwa yake ni mepesi, amwachishe mtoto ziwa ampe ya kopo. Mama Barafu alitii. Alifunga kifua kwa kitambaa na kulia kimyakimya, maana nafasi ya kulia kwa sauti ilikuwa imeshachukuliwa na mtoto.

Siku chache baadaye hospitali ilikuwa na semina, na semina ilihitaji barafu. Aliipeleka, akasimama nyuma ya ukumbi akisubiri ndoo zake. Mbele alikuwa daktari wa utafiti, yule wa mlango wa kushoto, akionyesha picha za rangi rangi. Alieleza kwamba, katika kundi lake, wachanga walionyonya kwa muda mrefu zaidi walikuwa na bakteria wa aina nyingi tumboni, na mapafu yao yalichelewa kushambuliwa. Akapigiwa makofi. Mtu mmoja aliuliza kama kliniki wameambiwa. Daktari akasema bado, jambo lenyewe linasubiri kuchapishwa. Kisha wakaenda kunywa soda baridi.

Mama Barafu alirudi nyumbani amenuna hata mama mkwe akaogopa, akamuuliza kama wamemdhulumu.

"Barafu wamenilipa," alisema.

Siku ya kupeleka kikopo, aliketi kwenye benchi katikati ya ile milango miwili, kasha la baridi mapajani. Karani alinyoosha mkono. Mama Barafu akamwambia leo sampuli haitoki, amwite daktari, na amkumbushe kwamba barafu ya humo ndani ni ya asubuhi na korido hii haina hata feni.

Daktari alikuja mbio.

"Mama, ikiyeyuka itaharibika. Ni kazi ya mwaka mzima hiyo."

"Nesi wenu kanitaka nimwachishe mtoto ziwa. Na maziwa yangu yakikauka? Hayo yako kwenye kundi gani?"

Daktari alianza kusema kwamba matokeo ya awali hayatolewi kwa watu.

"Juzi uliwatolea wenye tai. Barafu waliyokuwa wakinywea niliileta mimi."

Hapo daktari akamtazama usoni. Mwaka mzima alikuwa akilifahamu kasha tu.

"Vuka korido," Mama Barafu alisema. "Kamwambie nesi uliyowaambia wale. Mzigo wenu mimi naushika."

Maji yakaanza kudondoka kwenye pembe ya kasha. Daktari akayatazama, akautazama mlango, akavuka.

Milango ya hospitali haina siri. Mama Barafu alisikia yote. Mtoto huyu hakupaswa kuachishwa; anyonye, apewe vimeng'enya kila anapolishwa, na maziwa ya kopo yawe nyongeza ya uzito, yasiwe badala. Nesi aliuliza kwa nini, miaka yote hii wanayosalimiana kila asubuhi, hakuwahi kumwambia. Daktari akasema linasubiri kuchapishwa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nesi alitoka, akachuchumaa mbele ya benchi.

"Dada, mrudishe ziwani leo hii. Akivuta, huenda maziwa yakarudi. Naomba unisamehe."

Mama Barafu alitoa kasha. Kuhusu msamaha, alisema atafikiria.

Mtoto alikuwa na kinyongo chake pia. Alikataa ziwa, akaligeuzia kisogo, akapiga mateke. Mama alikaa naye chumbani kutwa, siku baada ya siku, na barafu ikauzwa na mama mkwe, ambaye hakuwa na subira na wateja hata kidogo. Muuza soda alipogonga friza akilalamika kwamba anacheleweshwa, bibi huyo alijiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Ndani palikuwa kimya. Halafu ikasikika sauti ndogo ya kumeza, ikifuatwa na kikohozi, kisha kumeza tena.

"Ngoja hapo," bibi alinong'ona. "Kuna mtu anakula."