Dakika Ishirini za Supu ya Njegere

Umewahi kupokonywa sahani ukiwa bado na njaa?

Mzee Arvid Lindquist alipokonywa yake kila mchana, katika nyumba ya wazee tuliyofanyia kazi kule Duluth, Marekani. Miaka thelathini na sita aliendesha treni ya madini ya chuma kuteremka hadi ziwani. Sasa mkono ulimtetemeka, lakini kijiko alikishika mwenyewe, na supu ilimchukua dakika arobaini. Curtis, meneja wetu, aliruhusu ishirini; saa ya mezani ikilia, tuliondoa sahani. Tangu msimu wa kuwinda kulungu, Novemba, hadi theluji ya Februari, mzee alipungua ratili kumi na tano.

Aliyempima ni Lorna Kivela, mhudumu, mjane wa miaka hamsini na minane. Kila mwajiriwa mpya alipita mikononi mwake siku ya kwanza, akavikwa uzee. Fulana ya kuwindia ya marehemu mumewe, mifuko imejaa chubwi, vile vyuma vizito vya kuzamishia ndoano. Punje za mahindi ya bisi ndani ya viatu. Miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, pamba masikioni, glavu nene zilizofungwa vidole viwili viwili. Kisha anakuamuru ufunge vifungo vya shati. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo kikuu juzi tu. Kifungo cha pili kilinishinda, nikataka kulia.

"Shahada haifungi vifungo, profesa," aliniambia.

Alhamisi moja, siku ya supu ya njegere, alimwendea Curtis mbele ya watu wote, amebeba lile vazi lake la uzee.

"Bosi, vaa hivi, ule kwa dakika zako ishirini. Ukimaliza, sifungui mdomo tena. Ukishindwa, waongezee wazee muda."

"Lorna, una visa wewe!" Akacheka, akavaa.

Kijiko cha kwanza kiliishia kifuani. Cha tano kiligonga pua. Dakika ya kumi na mbili hakucheka tena. Saa ilipolia, Lorna akaiondoa sahani, kama tulivyofundishwa kuwafanyia wazee.

"Karibu uzeeni, kijana!" Mzee Arvid alipiga meza. "Shati lako limeshiba kuliko wewe."

Curtis alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu.

"Ndivyo wanavyoishi?"

"Kila siku, bosi."

"Nitarekebisha. Kesho asubuhi."

Lorna alijifungia katika chumba cha mashuka akalia kwa furaha. Nami niliamini, Mungu anisamehe, kwamba aliyeonja uchungu hawezi tena kuugawa.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na vijiko mezani. Tangazo lilibandikwa ukutani: wote wasiomaliza kwa dakika ishirini watalishwa na wahudumu.

"Sikujua kwamba hawawezi kabisa," Curtis alisema, kwa huruma ya kweli. "Kwa nini tuwatese?"

"Wanaweza, bosi. Wanachelewa tu."

"Nimevaa mwenyewe, Lorna. Najua. Mlishe, au vua sare."

Lorna alimfunga Mzee Arvid kitambaa shingoni. Uji wa shayiri ulikuwa ukitoa mvuke. Mzee akanyoosha mkono wake unaotetemeka juu ya meza, kiganja wazi, akisubiri kijiko. Lorna aligeuka kumtazama Curtis aliyesimama mlangoni, kisha akachota kijiko cha uji mwenyewe, akakipeleka mdomoni mwa mzee.

Mzee alifumba mdomo. Mkono wake ulibaki pale pale mezani, wazi, na kijiko kikabaki hewani mbele ya midomo yake, mpaka saa ikalia.