Jinsi Tulivyokuwa Tukipanda Meli Mwanjelwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rolu ya tishu za chooni nikaambiwa nitengeneze bahari.

Nilidhani natumwa chooni. Nilisimama mlangoni mwa karakana ya Mama Mkubwa, dada yake mama, pale mtaani Mwanjelwa, nimeikumbatia ile rolu, nasubiri nionyeshwe choo kiko wapi. Fundi Chesko, ambaye ndiye mchongaji wa meli zenyewe, alicheka mpaka akaweka patasi chini.

"Binti, bahari ndiyo hiyo umeishika. Ichane!"

Yaani bahari, ile ya kwenye ramani, inatoka kwenye tishu?

Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu, hasa yule atakayekalia kigoda changu likizo zijazo, kwa sababu mimi nimestaafu. Najua mtacheka. Lakini kidato cha nne nimemaliza, nahamia Iringa kwa kidato cha tano, na kazi niliyoifanya kila likizo imefika mwisho. Kuongea mbele za watu siwezi, mnanijua. Kuandika naweza.

Enzi zetu kazi ilikwenda hivi. Mteja analeta picha ya meli kwenye simu. Fundi anaichonga kwa mbao, ndogo, ya kuweka juu ya kabati. Halafu inakuja kwetu watu wa kitako. Kitako ni ubao wenye bahari, ambao meli inakaa juu yake. Unakoroga jipsam, ule unga mweupe wa mafundi dari, unaumwaga kwenye ubao, unaisimamisha meli kabla haujakauka. Juu yake unatandika vipande vya tishu vilivyolowa gundi nyeupe, unavifinya kwa ncha za vidole mpaka vinatoa mikunjo. Mikunjo ndiyo mawimbi. Ikikauka inakuwa migumu kama kibao cha chapati. Unapaka buluu iliyochanganywa na nyeusi na kijani kidogo, mwisho vanishi.

"Bila vanishi hiyo siyo bahari, gwe Atu, ni shuka," Mama Mkubwa alikuwa akiniambia, "gwe" ikiwa ndiyo "wewe" ya kwetu, na mimi nilikuwa nairudia vanishi mpaka kichwa kinauma.

Povu jeupe la mbele ya meli tuliliita ndevu, na lile refu la nyuma tuliliita mkia. Yote mawili ni pamba na rangi nyeupe. Meli yenye ndevu na mkia inatembea. Isiyo navyo imesimama.

Kilichonishtua zaidi nilikijua baadaye: karakana nzima hakuna aliyewahi kuiona bahari. Fundi Chesko aliwahi kuliona Ziwa Nyasa, tena kwenye mvua, akiwa amejifunika turubai. Mama Mkubwa hata ziwa hakuliona. Niliuliza, kwa sauti yangu ile ya kunong'ona, sasa tunajuaje kama tunapatia?

"Na wateja wetu wameiona wapi?" akanijibu.

Kutoka kwenye tishu nilipandishwa kwenye rangi, na kutoka kwenye rangi nikapewa kazi ya heshima kuliko zote: kupanda. Watu wengine wakisema kupanda meli wana maana ya kuingia ndani wasafiri. Sisi tulikuwa na maana ya mche. Unaitia meli kwenye jipsam mbichi, unaikandamiza, unashindilia pembeni isitikisike. Sisi ni watu wa migomba na viazi. Kitu kisiposhindiliwa hatukiamini.

Tena tulikuwa tunaipanda chini sana. Fundi alifuata picha, na kwenye picha nyingi tumbo la meli ni jekundu. Mama Mkubwa hakuupenda ule wekundu hata kidogo.

"Zamisha. Zamisha huo. Meli ya heshima haionyeshi shimizi."

Basi nazamisha.

Sasa akatokea Dada Neema, muuza miche ya parachichi wa Kilolo. Alituma picha ya meli kubwa ya mizigo aliyofanyia kazi baba yake maisha yake yote, akiwa fundi mitambo. Mzee alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja ulilala, na tangu siku hiyo hakuwa ametamka neno. Madaktari walisema huenda sauti irudi, huenda isirudi. Dada Neema alimtumia Mama Mkubwa ujumbe wa sauti, nami nilikuwa pembeni nachana tishu: "Mama, nataka aione meli yake. Labda ataniambia hata neno moja. Hata akinitukana nitashukuru."

Niliifanyia ile bahari kila nilichokijua. Ndevu, mkia, vanishi. Na niliipanda meli kwa nguvu, maji yakafika karibu na madirisha, wekundu wote ukapotea. Mama Mkubwa aliizunguka akasema hatujawahi kutoa kitu kama kile.

Tuliipeleka wenyewe. Kilolo kulikuwa na ukungu na udongo mwekundu uliogoma kutoka kwenye viatu. Dada Neema alitupokea kwa "Kamwene", salamu ya huko, na chai ya maziwa, akatuingiza chumbani. Mzee alikuwa ameegeshwa kwenye mito, blanketi mpaka kifuani. Nilimwamkia, akanitazama tu. Mama Mkubwa akaweka meli kwenye stuli mbele yake, akaondoa kanga aliyoifunikia.

Mzee aliitazama. Macho yakamtoka. Mkono wake ulio mzima ukaanza kupiga godoro.

"I-na-za-ma!"

Kikombe cha Dada Neema kilidondoka.

"Inazama! Tokeni! Tokeni chini!"

Jasho lilimtiririka, anavuta blanketi, anataka kushuka kitandani. Dada Neema alimkumbatia, analia na kucheka kwa pamoja. "Baba umeongea! Baba, ni mbao, ni mbao tu!" Mama Mkubwa, ambaye Mwanjelwa nzima hakuna anayemshinda kwa maneno, aliinama kuokota kikombe.

"Alikuwa anakaa chini kabisa kwenye injini," Dada Neema akatuambia huku amemshika. "Maji yakiingia, wanaanza wao."

Hapo ndipo ilinijia. Ule wekundu. Haikuwa shimizi. Ilikuwa ndiyo alama ya meli iliyo salama, na mimi nilikuwa nimeuzika.

Sijui sauti niliitoa wapi. "Naomba kisu. Na maji. Na tishu."

Nilipiga magoti mbele ya stuli. Nikalowesha jipsam, nikakata kuizunguka meli, bahari yangu nzuri ikamong'onyoka vipande vipande kwenye sakafu. Mzee akaacha kupiga godoro. Meli ilipochomoka nilikwangua tumbo lake mpaka wekundu ukatokea, nikaanza kujaza shimo kwa tishu mbichi ili ikae juu. Nikaisimamisha.

"Bado," akasema.

Nikaongeza tishu. Mkono wake uliinuka polepole, kiganja juu. "Bado." Nikaongeza tena. Ukanda wa wekundu ukaonekana, mnene kama kidole.

"Hapo."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuongea, nikajikuta namwambia, "Samahani babu, tuliipanda vibaya. Sasa nimeipanda vizuri."

Nusu ya mdomo wake ikacheka. "Na mimi," akasema. "Na mimi nipande."

Wadogo zangu, ujuzi wangu wote wa kustaafu ni huo. Tishu zichaneni vipande vidogo, vanishi msifanyie ubahili, na Mama Mkubwa akisahau akasema zamisheni, mwambieni kwa adabu kwamba hapana. Ninaambiwa siku hizi huwa anauliza mwenyewe, "Shimizi imeonekana?" Isipoonekana mnarudia.

Wiki iliyopita Dada Neema alinitumia ujumbe wa sauti. Mzee bado hatembei, na maneno yake ni machache, lakini mgeni yeyote akisimama mlangoni na viatu vyake vya matope, anamwonyesha kitanda kwa mkono wake mzima na kumwambia, "Panda, panda." Majirani wanashangaa wapande wapi.

Wanavua viatu, wanakaa miguuni pake, na anaondoka nao baharini.