Fahali Mwenye Chapa

Ng'ombe wa mwisho wa baba alianguka mlangoni mwa zizi katika kile kiangazi kirefu, na tangu siku hiyo baba hakulitamka tena neno ng'ombe. Alikaa barazani kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, uso kwenye zizi tupu, kimya. Ukimletea chai ya maziwa anainywa, ukimletea ya rangi anainywa. Hakuuliza maziwa yalitoka kwa nani.

Ndugu yangu, anayeishi naye pale Mwala, alitaka kuling'oa zizi apande sukuma wiki. Nisimsingizie ubaya: mbolea ya miaka yote ile ilikuwa imelala bure, na yeye ana watoto wa kulisha. Lakini zizi la mzee haling'olewi bila neno lake, na mzee hakuwa na neno. Hakukataa, hakukubali. Basi nikatumwa mimi, kitinda mimba, ninayesemekana kuwa na ulimi. Kila Jumapili baada ya kanisa nilitoka Machakos mjini, ninakofanya kazi katika duka la miwani, nikaenda kukaa kando ya baba nikitafuta pa kuanzia. Sikupapata. Na kwa kweli zizi halikuwa shida yangu. Nilitaka baba aongee, hata kama ni kunigombeza.

Sasa, mimi nina ugonjwa wangu. Wenzangu hununua viatu. Mimi hununua sarafu za kale, zile za shaba na fedha zilizopigwa kwa nyundo na watu waliokufa zamani mno. Nzuri kabisa ziko kwa matajiri. Zangu ni zilizochakaa, zinazofika posta katika bahasha ndogo hadi karani ananiuliza kama ni dawa. Wateja wakipungua dukani saa nane mchana, naweka moja chini ya lenzi, na Machakos yote inaondoka. Kelele za bodaboda zinakwenda mbali. Linabaki shavu la malkia nisiyeijua lugha yake, au mkono ulioshika tawi, na mimi naelea humo ndani mpaka mtu agonge kioo akitaka miwani ya kusomea.

Jumapili moja nikazifunga sarafu zangu kwenye kitambaa, nikamwekea baba mapajani, pamoja na miwani niliyomchagulia kwa kukisia. Nilijiambia, akiwa amekataa maneno labda atakubali picha.

"Huyu ni nani?" akauliza, kichwa cha mfalme kikiwa kati ya vidole vyake.

"Mfalme wa Roma."

"Alikufa?"

"Kitambo sana, baba."

"Basi." Akamrudisha kitambaani.

Nikampa ile ya mbwa mwitu anayenyonyesha watoto pacha. Akaisogeza kwenye mwanga. "Aiya! Fisi inanyonyesha watoto ya watu?" Nikamweleza kwamba si fisi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona karo yake ilipotea. Ya bundi hakutaka hata kuigusa. "Hiyo toa hapa kwangu," akasema, nami nikaitia mfukoni mbio, maana kwetu bundi akitua juu ya paa watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Ya Kilwa, yenye maandishi matupu pande zote mbili, aliigeuza, akaigeuza tena, akasema haina kitu. Nilifurahi kijinga. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko ya miezi yote iliyopita.

Ilibaki moja, niliyoipenda kuliko zote. Ni ya fedha iliyochanganywa na shaba, ukubwa wa kifungo cha koti, imetoka kaskazini mwa India na ina zaidi ya miaka elfu. Upande mmoja mtu yuko juu ya farasi na mkuki wake. Upande wa pili fahali amelala.

Baba alikaa nayo muda mrefu. Alasiri ya Mwala ina namna yake ya kumpotezea mtu saa. Upepo ulitikisa mabati, ukaacha. Kuku alipita akatuangalia kwa jicho moja, akaenda zake. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia sauti ya baba, na haikuwa sauti ya barazani, ilikuwa ile ya zamani, ya malishoni.

"Hii ng'ombe imelala imeshiba," akasema. "Angalia huu mguu wa mbele, imekunja ndani. Ng'ombe iko na njaa hailali hivi."

Nikainama karibu naye.

"Iko na nundu kama zetu. Si hizi za gredi, za wazungu." Akaiinamisha kidogo. "Na iko na chapa."

"Chapa? Wapi?"

"Hapa kwa paja. Wewe na miwani zako zote, huoni?"

Nikachukua lenzi. Miaka minne nilikuwa nikidhani mistari ile ni mikwaruzo, kazi ya msumari wa mtu asiye na adabu. Kumbe ilikuwa alama kamili, ncha tatu juu ya kijiti kimoja, imewekwa pale pale ambapo mfugaji huweka chuma cha moto. Baadaye nilisoma nikakuta wajuzi wa sarafu wanaijua siku nyingi. Aliyekuwa hajui ni mimi.

"Mwenyewe ni nani?" baba akauliza.

"Alikufa, baba. Na watu wake wote."

"Wewe ulimzika?"

"La."

"Basi huwezi jua. Ng'ombe iko na chapa haiokotwi, mwana wakwa. Unaiweka. Unaipatia maji. Mwenyewe akikuja leo, akikuja mwaka ujao, anaipata."

Akaitia sarafu yangu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nitasema ukweli. Nilikuwa na choyo nayo, nilitaka kuidai pale pale. Lakini mzee alikuwa amelisema neno ng'ombe, tena zaidi ya mara moja, na mimi nilikuwa nimelisubiri neno hilo kuliko mvua. Nikafunga kitambaa changu nikaaga. Ndugu yangu alinisindikiza hadi barabarani.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mnaongeanga nini masaa yote hayo?"

"Ng'ombe," nikasema. Alinikodolea macho hadi nikaondoka.

Wiki ile nafasi ya fahali katika trei yangu ya sarafu ilikaa tupu, na mimi nikamwona kila mahali. Nilikuwa nikimpima mtu macho, nikimwambia soma mstari wa tatu, na huku namwona fahali akiinuka alikolala, miguu ya nyuma kwanza, akijinyoosha. Namwona akishuka milima ya mbali bila haraka, akicheua, akipita mahali nisipopajua jina. Ijumaa mchana alipita mbele ya duka, katikati ya wauza maembe, na hakuna aliyempisha kwa sababu hakuna aliyemwona. Alikuwa anaelekea Mwala, kwa sababu huko kuna mtu aliyemwahidi maji.

Jumapili iliyofuata nilikuta kigoda kitupu. Niliogopa, nikaita, sikujibiwa. Nikakimbilia zizini na viatu vyangu vya kanisa, nikawakuta wote wawili wameinama nyuma ya ua. Baba alikuwa anavuta matawi ya miiba kuziba pengo, na ndugu yangu, jasho likimtoka, alikuwa anashindilia tope kwenye shimo la nguzo.

"Usiniulize," akasema ndugu yangu. "Ameniamsha alfajiri anataka mlango." Halafu akanong'ona, nusu akinicheka, nusu akifurahi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Haiwezi lala kwa mtu bila mlango," baba akasema, kama tulikuwa tunabishana naye. Mfuko wa shati lake ulikuwa umefungwa kifungo.

Nikamsaidia kushika nguzo. Na nikiwa pale, mikono imejaa tope, nikauliza kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukiuliza. "Baba, chapa yetu ilikuwa gani?"

Aliacha kazi akageuka. "Hujui?"

Sikujua. Najua alama za wafalme wa nchi nisizofika. Lakini utoto wangu wote nilitembea nyuma ya ng'ombe wa baba, mapaja yao mbele ya macho yangu asubuhi na jioni, na sikuwahi kuitazama alama ile hata nikaikumbuka. Niliona aibu, ile aibu ya kuinama ufunge kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Baba hakunigombeza. Aliingia jikoni akatoka na chuma kirefu, cheusi kwa moshi wa darini. "Hii ilikuwa yangu, na ya babangu, na ya baba yake," akasema. "Mbai yetu yote, ukoo mzima." Nilidhani atanichorea kwa kidole. Badala yake aliinama, akakikandamiza chuma kikiwa baridi kwenye tope bichi chini ya nguzo, akakiegemea kwa uzito wake wote, akakiinua. Mstari mmoja umesimama, na mwezi mchanga umeuegemea. Mara nikawakumbuka wote, wale wekundu na yule wa madoa na yule aliyeanguka mlangoni, na kila mmoja alikuwa nayo. Nililia, wala sikujificha.

"Ngojeni," nikasema, nikachukua panga nikalikata lile tope taratibu, kipande cha ukubwa wa kiganja.

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiangazi. "Unapeleka matope Machakos ya nini?"

"Naiweka, baba. Mpaka mwenyewe akuje."

Zizi halikung'olewa. Baba alimwambia ndugu yangu achote mbolea yote apande nje ya ua, na sukuma wiki imekubali. Sarafu yangu bado iko kwenye ule mfuko wa shati. Akibadilisha shati anaihamisha. Katika trei yangu kila sarafu ina kikaratasi chake, imetoka wapi na ilikuwa ya nani. Kwenye nafasi ya fahali nimelaza kipande kile cha tope, kimekauka na kupasuka kidogo pembeni. Nimeandika: Mwala. Chini yake nikaandika jina la baba, na baada ya kusita sana, nikaandika langu.